Neno "Degedege" Lisifukuzwe: Majina ya Maradhi ya Ubongo na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walilonga kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa na jamaa zake kwa kuficha. Yapo, hata hivyo, maradhi ambayo hayafichwi na mtu yeyote. Hutangazwa kwa mayowe, majirani wakaja mbio, na bado mtoto akafa, kwa sababu kila aliyekuja alilijua jina la ugonjwa, na jina hilo likamwelekeza kwa mganga badala ya hospitali. Degedege ni ugonjwa wa namna hiyo katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Kuna rai isikikayo mara kwa mara katika mijadala ya istilahi kwamba maneno kama hili, yaliyozaliwa na itikadi za pepo na ndege wa usiku, yafutwe katika matangazo ya afya na mahali pake pachukuliwe na istilahi safi za kitabuni. Makala haya yanaipinga rai hiyo. Kosa si la neno, na kulifuta ni kulikata daraja ambalo mama angelivukia.

Umbo la neno lenyewe ni bayana kwa mwanafunzi yeyote wa mofolojia. Dege ni ukubwa wa ndege. Likarudufiwa, likawa degedege. Mahali pengine husemwa dege tu, na lipo pia nyuni, neno la kale la ndege, ambalo limetumika kwa maana iyo hiyo ya ugonjwa wa watoto. Itikadi inayoandamana na majina haya ni kwamba ndege, au pepo mwenye sura ya ndege, hupita juu ya mtoto na kumdhuru. Mtu aliyesoma vitabu viwili vya sayansi huona rahisi kucheka. Asicheke upesi. Mtoto aliyepatwa na degedege hukakamaa, macho yakageuka yakabaki meupe, mikono ikapapatika. Aliyeliunda neno hili alikuwa amemtazama mtoto kwa makini kuliko wengi, na alichokiona katika mikono ile ni mbawa. Maelezo yake ya dalili ni sahihi kabisa. Kilichompotea ni chanzo.

Na chanzo, aghalabu, ni ubongo uliochokozwa. Watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano huweza kushikwa na mtukutiko kwa sababu ya homa kali tu, na wengi wao hupona bila athari yoyote. Lakini katika maeneo ya malaria, dalili hizo hizo huweza kuwa ni malaria ya ubongo: chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea hunata katika mishipa midogo ya damu ya ubongo, damu ikakosa njia, sukari mwilini ikashuka, mtoto akapoteza fahamu. Huweza pia kuwa ni homa ya uti wa mgongo, ambayo ni uvimbe wa utando unaoufunika ubongo. Mzazi hawezi kuzitenganisha hali hizi kwa macho. Hata daktari huhitaji kupima damu, na pengine maji ya uti wa mgongo. Ndiyo maana kila degedege yafaa ichukuliwe kuwa dharura hadi ithibitike vinginevyo.

Sasa yatazamwe yaliyobainika pale watafiti walipouliza. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Bagamoyo nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba akina mama waliifahamu malaria, na waliifahamu degedege, lakini hawakuviona kuwa ni kitu kimoja. Malaria ilikuwa homa ya kawaida, ya kupelekwa zahanati. Degedege ilikuwa shauri la pepo, na dawa yake ya kwanza ilikuwa kwa mganga: majani, mafusho, hata moshi wa kinyesi cha ndovu. Hospitali ilikuja baadaye. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1995, ulikuta mgawanyo unaofanana na huo miongoni mwa Wamijikenda na Waluo waliokuwa wakiishi Pwani ya Kenya. Isitoshe, iliaminika mahali pengi kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Imani hiyo ilijilisha yenyewe: mtoto aliyecheleweshwa kwa mganga alifika hospitalini taabani, akadungwa sindano, akafa, na kifo chake kikawa ushahidi dhidi ya sindano.

Hapa ndipo suala linapokuwa la lugha. Lau tangazo la redio litasema kwa Kiswahili kitamu kabisa, "Mtoto mwenye malaria kali apelekwe hospitali mara moja," mama huyu atalisikia, atalikubali, na hatalihusisha na mtoto aliye mapajani mwake anayepapatika. Kwake yeye huyu hana malaria kali; ana degedege. Tangazo limesema kweli, kwa sarufi sahihi, na halikumfikia. Lingemfikia kama lingesema: degedege ni malaria iliyopanda ubongoni, ni dharura, na si sindano inayoua bali kuchelewa. Istilahi iliyolikwepa neno la mama imelikwepa pia sikio lake.

Atakayejibu kwamba neno lenye pepo ndani yake haliwezi kubeba sayansi, na alitazame neno ambalo sayansi yenyewe hulitumia kwa kifafa. Neno hilo lilitoka Ugiriki, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kukamata au kushika kwa nguvu. Mgonjwa hukamatwa, na miongoni mwa Wagiriki wa kale wapo walioamini kuwa aliyemkamata ni mungu, wakauita ugonjwa huo mtakatifu. Yapata mwaka 400 K.K., mwandishi mmoja wa kundi la Hippocrates aliandika kwamba ugonjwa huo hauna utakatifu wowote zaidi ya magonjwa mengine, kwamba chanzo chake ki ubongoni, na kwamba waliouita mtakatifu walikuwa wakifunika kutojua kwao. Mungu aliondolewa ndani ya neno, neno likabaki. Kadhalika neno ambalo Waingereza hulitumia kwa kiharusi maana yake ni pigo tu, na hapo kale ilieleweka kuwa ni pigo la mkono wa Mungu. Hakuna daktari wa London anayedaiwa leo kulikana jina hilo. Iweje Kiswahili peke yake kidaiwe usafi huu?

Hii haina maana kwamba kila jina lililorithiwa ni la kutunzwa. Wamalay walikuwa na jina la kifafa ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "wazimu wa nguruwe". Jina hilo halikueleza dalili wala chanzo, lilimtukana mgonjwa. Ni haki kwamba katika Malaysia limekuwa likiachwa na kupishwa na neno la kitabibu. Wasomaji wa jarida hili wanaukumbuka mjadala unaofanana na huo katika Kiswahili, wa majina ya watu katika ngeli ya KI-VI: kiwete, kiziwi, kipofu. Mpaka ungewekwa hapo. Jina linalomtweza mgonjwa liondoke. Jina linalobeba tu dhana ya kale kuhusu chanzo libaki na lifunzwe maana mpya. Kwa kipimo hicho pepopunda, kwa mfano, halina taabu yoyote. Ni ugonjwa wa sumu ya bakteria inayoingia kupitia kidonda na kuushambulia mfumo wa neva hadi taya likafunga na mgongo ukapindika kama upinde. Chanjo yake ipo, kila mama mjamzito anaijua, na hakuna anayemtafuta punda.

Kifafa ndilo jina gumu zaidi. Wengi husikia ndani yake kitenzi kufa, na kiambishi ki- kinalifanya lisikike kama udogo au dhihaka. Shuleni hugeuzwa kuwa tusi. Hata hivyo, matatizo makubwa ya mwenye kifafa hayatoki katika mofolojia. Hutoka katika mambo mawili yanayosemwa juu yake: kwamba povu lake linaambukiza, na kwamba ana ugonjwa wa akili. La kwanza ni uongo unaoua. Mtu huanguka jikoni, mkono ukaingia motoni, na waliopo husimama mbali wakiogopa mate. La pili ni kosa linalofanywa hata na watu wenye shahada. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Baina ya mshtuko na mshtuko mtu ni mzima, husoma, hufundisha, huandika tasnifu. Gazeti au mtangazaji anayekiweka kifafa katika fungu la "wagonjwa wa akili" amefanya kosa la semantiki lenye matokeo katika ajira na ndoa za watu.

Mfano wa Mahenge, kusini mwa Tanzania, unafaa kukumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wenye makovu ya moto, wasiokula chungu kimoja na wenzao. Hakuanza kwa kubadili jina. Alianza kwa kutoa vidonge, hususan fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na ambayo bei yake ni ndogo mno. Mishtuko ilipopungua, watu walibadili walivyowatazama wenye kifafa, na neno likabaki lile lile. Jambo jingine kuhusu kliniki hiyo lapasa kuwasisimua wanafunzi wa lugha: daktari huyo aliandika juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye hali hiyo ilitambuliwa kimataifa kuwa ugonjwa wa pekee, hasa baada ya kuonekana kwa wingi kaskazini mwa Uganda na katika Sudan Kusini, na imehusishwa na ugonjwa wa usubi. Wazazi walikuwa wameiona dalili na kuisimulia kabla ya majarida ya kitabibu kuipa jina.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila mishtuko wakitibiwa ipasavyo. Katika nchi maskini wengi hawatibiwi. Vyanzo vyake vingi havina mwujiza: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, jeraha la kichwa, malaria ya ubongo, lava wa tegu wa nguruwe wanaofika ubongoni pale nguruwe wanapozurura na vyoo ni vichache. Na anayemkuta mtu ameanguka hahitaji kijiko wala kiatu. Amwondolee vitu vya kumwumiza, amlaze kwa ubavu, asimtie chochote kinywani, atazame saa. Zikipita dakika 5 amkimbize hospitali. Sentensi hizo chache zingeweza kuandikwa kwenye ukuta wa kila bweni la chuo kikuu, na kwa Kiswahili.

Yapo maeneo ambako Kiswahili kimepungukiwa kweli, na hapo mtetezi wa maneno ya watu hana budi kukiri. Neno mshipa ni mfano. Mshipa huwa wa damu, huwa wa fahamu, huwa kano inayounganisha msuli na mfupa, na wazee waliutumia hata kwa ngiri. Akiambiwa kwamba mshipa wa baba yake umeziba kichwani, mwana hajui kama tatizo ni damu au ni neva, na anayempaka mgonjwa mafuta na kumkanda "mishipa iliyolala" hajui kwamba mkono ule haukulala mkononi, umelala ubongoni. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikuu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huwafaa baadhi ya wagonjwa ikiwa itatolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Yule aliyesema ni upepo mbaya, akamwita mtu wa kuuteremsha, amezitumia saa hizo zote.

Uti wa mgongo ni mfano wa pili, na katika zama hizi za bodaboda ni wa hatari zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku uti huo ni mfupa, na ndani ya mfupa hakuna kitu. Istilahi ugwe mgongo ipo, na ni nzuri: ugwe ni kamba nyembamba, na ndivyo kilivyo kile kinachopita ndani ya pingili kikibeba amri za ubongo hadi miguuni. Lakini ni nani huisikia nje ya kamusi? Ajali ikitokea barabarani, majeruhi hunyanyuliwa na watu wema, wawili mikono na wawili miguu, akakunjwa na kuingizwa katika gari dogo. Pengine mfupa ulikuwa umevunjika na ugwe ulikuwa mzima hadi walipomkunja. Mfupa huunga. Ugwe ukikatika hauungi. Mtu anayeamini kwamba mgongoni mna mfupa tu hawezi kuielewa sababu ya kungojea ubao na kushikilia shingo isicheze. Hapa neno la kitabuni ndilo linalopaswa kuteremshwa barabarani, na kazi hiyo haijafanywa.

Lipo pia jambo ambalo idara za Kiswahili zinalifundisha bila kulitazama. Kila mwanafunzi wa isimu huandika katika mtihani kwamba Paul Broca, mwaka 1861, alieleza habari za mgonjwa ambaye alibaki na silabi moja tu ya kutamka ingawa aliyaelewa mengi aliyoambiwa, na kwamba sehemu iliyoharibika ya ubongo wake imepewa jina la daktari huyo. Mwanafunzi hupata alama zake. Kisha hurudi nyumbani likizoni akamkuta bibi aliyepatwa na kiharusi, ambaye akitaka maji husema "meza", akakasirika, akalia. Na jamaa husema bibi amerukwa na akili, wakazungumza mambo yake mbele yake kana kwamba hayupo. Bibi yupo. Kilichojeruhiwa ni lugha. Afasia, kwa jina hilo la kukopa, ingepaswa kuwa neno la nyumbani kwa mwanaisimu, naye angepaswa kuwa mtu wa kwanza katika ukoo wa kueleza kwamba bibi aulizwe maswali ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa, apewe muda, asikatizwe. Watafiti wa Kilifi, katika kituo ambacho KEMRI na shirika la Wellcome wamekiendesha tangu mwaka 1989, walipima lugha za watoto walionusurika na malaria kali wakakuta kwamba baadhi yao walibaki na kasoro za usemi. Hiyo ni isimu, na ilifanywa na watu wa tiba.

Watu wa fasihi nao wasijione wamesalimika. Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, imehakikiwa kwa kila nadharia. Udhanaishi umeandikiwa kurasa, ukengeushi wa msomi umeandikiwa kurasa. Ndani ya riwaya hiyo kuna mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na wahakiki humwona kuwa ishara. Ni ishara kweli. Lakini kichwa kujaa maji ni ugonjwa pia, maji ya ubongo yakikosa njia ya kutoka, na wapo akina mama wanaowafunika watoto wao kanga kwa sababu ya jina hilo na kicheko kinachoandamana nalo. Katika mji wa Mbale nchini Uganda, usio mbali na mpaka wa Kenya, madaktari wa hospitali moja ya watoto waliendeleza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 upasuaji wa kuyafungulia maji hayo njia ndani ya ubongo kwenyewe, bila kumtegemeza mtoto kwa mpira wa kudumu. Mhakiki anayeijua habari hii haharibu ishara ya Kezilahabi kwa kuitaja. Anaiongezea uzito.

Kazi iliyopo basi haihitaji kamati ya taifa. Kamusi ya Tiba ya TUKI imekuwapo tangu mwaka 2003, na ni hazina; ila kamusi hutafutwa na ajuaye kwamba kuna neno la kutafuta. Kinachokosekana ni rekodi ya namna watu wanavyosema: Lamu wanaiitaje hali hii, Vanga wanaiitaje, Mumias je, na kila jina hupeleka miguu ya mzazi wapi kwanza. Mada hizi zingefaa kwa tasnifu kuliko uchanganuzi wa ishirini wa riwaya ile ile, na matokeo yake yangeandikwa upya kwa ajili ya redio za pwani na mabango ya zahanati. Wahadhiri wanaosimamia tasnifu wana uwezo wa kuzikubali mada hizo. Kwa miaka mingi zimeachiwa wanaanthropolojia kutoka ng'ambo, ambao huhitaji mkalimani ili waulize swali.

Na swali lenyewe ni jepesi. Mama anaingia zahanati usiku, mtoto begani, kanga imelowa. Muuguzi aliyefunzwa kuziheshimu istilahi zake humwuliza kama mtoto amekuwa na historia ya mitukutiko, na mama, akiwa na haya, hujibu hapana, kwani neno hilo hajapata kulisikia. Muuguzi mwingine humwuliza, "Mama, degedege ilimshika saa ngapi?" Mama hujibu papo hapo: ilianza baada ya sala ya magharibi, ikarudi mara mbili, na ya mwisho ilidumu tangu nyumbani hadi hapa mlangoni.